Punje Kubwa kwa Mtutu Mzee

Kigoma,
9 Februari 2025

Baba Mkubwa Melkizedeki,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani kwenye kile kiti chako, na Meru imejitokeza walau kwa dakika chache za asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Huku kwetu tu wazima. Peter bado anazunguka vijijini na miradi ya maji. Anarudi Ijumaa akiwa na matope mpaka kwenye mfuko wa shati. Mimi niko palepale, famasi ya hospitali, dirisha la pili. Mvua zimekuwa nyingi na dagaa hawakauki, kwa hiyo mji mzima unanuka subira.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Baba Mkubwa, sababu unaijua. Nikipiga, Mama Mkubwa Anande anaweka spika, na muda si muda naanza kuamkiwa na majirani. Mara ya mwisho nilikuwa nakuuliza habari za jino lako, sauti nisiyoijua ikanijibu kwamba limeshang'olewa. Barua haina spika.

Nina swali. Lile gobori la babu unalolitunza kwenye sanduku la chuma, linatumia baruti ya namna gani? Baba alinisimulia mara nyingi lilivyolia siku nilipoletwa nyumbani kwa mara ya kwanza, nikiwa na wiki sita. Alisema babu alichana kipande cha nguo iliyombeba baba utotoni, akakishindilia juu ya baruti, bila risasi, akapiga kuelekea mlimani. Moshi ulipotawanyika ndipo jina langu likatamkwa. Hupigwa kwa mzaliwa wa kwanza tu wa kila mtoto wa nyumba yetu. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote hupewa majina hivyo.

Sasa nawaza kama mfamasia. Baruti ina tarehe ya kuisha? Huharibika kwa unyevu kama vidonge? Na mtu mwenye leseni ya bunduki, asiye askari wala mwindaji, anaipata wapi kihalali siku hizi?

Ni udadisi tu. Usinitafutie sababu.

Wako,
Irine


Maji ya Chai,
16 Machi 2025

Mwanangu Irine,

Marahaba. Hatujambo. Kahawa imeanza kubeba vizuri, migomba ya upande wa mfereji imelazwa na upepo, na nyani wa hifadhini wameanza kuja Jumapili, saa ya ibada, kana kwamba ratiba ya usharika wanayo. Mama yako mkubwa nilimsomea kile kipande cha spika peke yake. Alinuna, kisha akacheka, kisha akasema, "Mwambie Irine hao majirani ndio wanaomwombea." Barua yenyewe nimeiweka ndani ya Biblia ya Kimeru, ambayo hapa nyumbani naifungua mimi tu.

Umemuuliza swali dogo mwalimu mstaafu wa kemia. Pole yako.

Duniani kuna vitu vingi ambavyo watu huviita baruti, na wengi wamepoteza vidole kwa kudhani ni kitu kimoja. Kwa gobori, inayofaa ni moja: baruti nyeusi, ya kizamani, inayotoa moshi mwingi mweupe na harufu ya yai viza. Hii huwaka haraka, lakini husukuma. Fikiria mtu anayekusukuma mgongoni kwa viganja viwili. Ile ya kisasa, isiyotoa moshi, iliyomo ndani ya risasi za bunduki za leo, hukusukuma kwa ngumi. Mtutu wa chuma kipya uliotengenezwa kwa ajili yake unaistahimili. Mtutu wa babu yako, uliofuliwa kabla baba yake hajabatizwa, utapasuka karibu kabisa na uso wa mpigaji.

Halafu hata hiyo nyeusi ina saizi. Kuna ya punje kubwa kama mtama, kuna ya punje kama ulezi, na kuna iliyo laini kama unga. Gobori letu lina mtutu mrefu na mpana, basi hula punje za mtama.

Umeuliza kuhusu kuisha. Ikikaa pakavu, ndani ya chombo kilichozibwa, huishi zaidi kuliko mwenye nayo. Ikilowa, chumvi iliyomo huyeyuka na kujitenga, na hata ukiianika haiwi tena kile ilichokuwa. Hapo unafanana na mimi: unyevu ndio adui yetu, wewe wa vidonge, mimi wa magoti.

Mara ya mwisho nilinunua mwaka 2009, alipozaliwa mtoto wa kwanza wa kaka yako Emmanuel. Duka lile la mjini limeshafungwa. Vilibaki vijiko viwili kwenye kopo la babu, na miaka kadhaa baadaye nilimwambia marehemu baba yako ayapeleke mabaki hayo polisi yakaharibiwe, maana niliona kopo limeanza kutu. Akalirudisha tupu. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho sina. Ila umenipa kazi, na mstaafu hupenda kazi.

Sijakutafutia sababu.

Baba yako mkubwa,
Melkizedeki


Kigoma,
20 Aprili 2025, Pasaka

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Hatukwenda popote. Peter amepika mwenyewe, makande, na ameyaunguza, na nimeyala yote. Siku hizi nakula hata vilivyoungua. Nimeomba pia nisifanye zamu za usiku kwa muda, kwa sababu miguu inavimba kidogo nikisimama sana. Ni joto la huku.

Barua yako nimeisoma dirishani kati ya mgonjwa na mgonjwa, nikachelewa kumpa mzee mmoja dawa yake ya presha. Akasema, "Binti, hiyo barua ni ya mahari?" Nikamwambia ni ya baruti. Akarudi nyuma hatua nzima.

Maswali mapya. Kwanza: kama ile isiyotoa moshi ina nguvu nyingi, kwa nini mtu asitie kidogo? Sisi dawa kali tunaipunguza dozi. Pili: kwa nini punje kubwa ziende kwenye mtutu mrefu? Mimi ningedhani zile laini ndizo zenye heshima. Tatu: nimesikia kuna unga wa kisasa uliobuniwa badala ya baruti nyeusi, kwa hayahaya magobori. Unafaa?

Na jambo jingine. Emmanuel alinipigia. Sijui nani kamwambia. Alisema, "Dada, kama mzee anahangaika na baruti, mimi niko machimboni Mirerani, huku baruti ni kama chumvi." Nikamjibu sijamtuma mtu. Tafadhali mwangalie.

Swali la nne sikuuliza, utaniwia radhi. Nitakapoweza nitaliuliza.

Wako,
Irine


Maji ya Chai,
25 Mei 2025

Mwanangu Irine,

Marahaba. Mvua za masika zimetuaga vibaya. Daraja la miti la kwenda shamba la chini limeondoka na maji, sijui limeishia wapi. Mama yako mkubwa anauliza kama unapata maziwa ya kutosha huko. Nikamwuliza kwa nini anauliza. Akasema, "Naulizia maziwa tu, Mwalimu, maziwa nayo yana kosa?" Anakutumia kichupa cha samli ya Naisula wa ng'ambo ya mto. Aliyaona maneno yako ya miguu kuvimba kwa sababu niliiacha Biblia wazi. Nisamehe. Alikwenda jikoni akakaa muda mrefu bila kupika.

Nianze na Emmanuel. Ni kweli alikuja, Jumamosi, siku ya soko la Tengeru, akiwa na kopo la kahawa ndani ya begi la mgongoni.

"Baba, nimekuletea zawadi."

"Ni nini?"

"Kitu unachokitafuta. Hiki kinavunja mwamba, Baba. Gobori litaita mpaka Moshi."

Nilimwambia atoke nacho nje polepole, asivute sigara, asijikwae. Huyu kijana ana miaka arobaini na mbili. Nikamkalisha. Nikamwambia, hicho kinavunja mwamba kwa sababu kimetengenezwa kuvunja. Kazi ya baruti ya bunduki ni kusukuma. Ukikitia mle ndani, kitauona mtutu wa babu yako ni mwamba mwingine. Na pili, hata kingefaa, wewe huna kibali cha kukibeba, mimi sina kibali cha kukipokea, na abiria wenzako kwenye basi hawakuwa na habari kwamba wamekaa nacho. Akasema, "Sasa Baba, mbona unanifundisha kama niko kidato cha pili?" Nikamwambia kidato cha pili ndipo alipoanza kutosikiliza. Tulipiga simu polisi, wakaja wenyewe kukichukua, Emmanuel akaandika maelezo, akaonywa vikali sana. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa adabu ya ajabu.

Nikaona bora niende polisi mwenyewe. Nilipelekwa kwa afisa wa silaha, Afande Saruni, kijana mrefu, mtu wa upande wa Monduli, mwenye sauti ya chini. Nikampa leseni yangu. Akaisoma yote, kitu ambacho mimi kama mwalimu hukipenda.

"Mzee, baruti ya nini? Unataka kuwinda?"

"Nataka kupiga kelele."

"Kelele?"

"Moja tu."

Nikamweleza desturi ya nyumba yetu. Nilimwambia asije akaandika kwamba ni mila ya Wameru. Wameru wenzangu watanicheka. Ni ya nyumba yetu tu, aliianzisha babu yako kwa sababu alipenda kelele. Akaniuliza, "Lini?" Nikamjibu, "Bado sijaambiwa." Akanitazama, kisha akaandika kitu kidogo pembeni.

Haya ndiyo niliyoelekezwa. Leseni ya bunduki peke yake haikupi baruti. Unaomba kibali cha kununua, na kibali hutaja ni kiasi gani. Unanunua kwa muuzaji mwenye leseni tu, naye anakuandika kitabuni. Lazima daktari athibitishe kwamba macho na akili za mzee bado viko kazini. Nimepimwa hospitali ya Levolosi, macho yamepita, akili daktari aliniuliza tu leo ni siku gani. Baruti haipandi basi la abiria. Ikifika nyumbani inakaa peke yake, mbali na jiko, na kufuli yake. Na siku ya kupiga, nipeleke taarifa kwao, kwa mtendaji wa kijiji, na kwa watu wa hifadhi, maana shamba letu limepakana nao na mlio wa bunduki utawaletea mbio askari wa wanyamapori. Kabla ya yote, gobori likaguliwe na fundi wao, Koplo Naeku. Nimepewa nafasi mwezi wa Julai.

Sasa maswali yako. Kupunguza dozi: kwenye dawa, ukikosea kidogo, ini na figo hukusaidia kurekebisha. Mtutu hauna figo. Ile isiyotoa moshi, tofauti ya punje chache huleta tofauti ya kutisha, na hata ukipatia, chuma cha zamani hakikuzaliwa kwa mshtuko wa aina ile. Haipimwi kidogo. Haitiwi kabisa.

Punje: moto huanzia kwenye ngozi ya punje. Zile laini zina ngozi nyingi, huwaka zote kwa mara moja. Kubwa huwaka taratibu zaidi, zikisukuma njia yote ya mtutu. Ni kama kuni na vijiti vya kuwashia. Kwa mtutu mzee, mchagulie upole.

Ule unga wa kisasa upo. Una faida, hauchafui sana chuma. Ila ni mvivu kushika moto, na gobori letu la fataki, ile kofia ndogo ya kuwashia, hutema cheche ndogo. Kisha moshi wake ni haba. Babu yako asingeuelewa.

Swali la nne lichukulie muda wake.

Melkizedeki


Kigoma,
22 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Samli imefika, nzima, na Mama Mkubwa aambiwe kwamba nailamba kwa kijiko Peter akiwa hayupo. Naendelea vizuri. Daktari anayenipima presha anasema naendelea vizuri. Nafanya kazi nimekaa.

Emmanuel kanipigia kuniomba radhi, ingawa mimi hakunikosea. Alisema, "Dada, nilitaka tu mzee afurahi. Tangu baba yako aondoke hajawahi kulitoa lile sanduku." Hilo sikulijua. Nilidhani mnalipaka gobori mafuta kila mwaka kama zamani.

Ndipo likanijia swali ambalo huenda ni la kijinga. Sisi hapa famasi, chupa ikirudi kutoka wodini, hata kama muuguzi ameapa kwamba haina kitu, tunaigeuza chini juu kabla ya kuiandika tupu. Si kwa sababu hatumwamini. Ni utaratibu tu.

Baba Mkubwa, unajuaje kwamba gobori ni tupu?

Najua utaniambia halina fataki na haliwezi kulia. Lakini hilo ni jibu la swali jingine. Ndani ya mtutu, unajuaje? Mtutu wenu hauna mlango wa nyuma wa kuchungulia. Kama aliyepiga mwaka 2009 ndiye wa mwisho, sawa. Nauliza tu kwa sababu fundi wa polisi atalishika, nawe utalibeba njiani.

Nisamehe kama nimemfundisha mwalimu.

Irine


Maji ya Chai,
13 Julai 2025

Mwanangu,

Hatujambo hapa. Kuna baridi kali, na mlima haujaonekana kwa wiki nzima. Leo salamu ni fupi, utanivumilia.

Barua yako niliisoma barazani, na nilicheka kwa sauti, nikamwambia mama yako mkubwa, "Huyu mtoto ananigeuza chini juu kama chupa." Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu sikuwahi kulipima. Mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia, hushikwa na babu wa mtoto peke yake. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa kuwa mimi sikushindilia kitu tangu 2009, akilini mwangu hakuna aliyeshindilia.

Nikalitoa gobori sandukuni. Kitundu cha moto kilikuwa wazi, bila fataki. Nikalilaza mezani, mdomo ukielekea ukuta wa mawe, Anande nikamtoa nje. Nikatelezesha mdeki ndani ya mtutu taratibu mpaka ukagota, nikaushika kwa kidole pale ulipofika mdomoni, nikautoa, nikaulaza juu ya mtutu kwa nje, kidole kikiwa usawa wa mdomo. Mtutu ungekuwa mtupu, ncha ingefika usawa wa kitundu. Ilikomea vidole vinne kabla.

Nilirudia. Vidole vinne.

Sikuligusa tena. Nilifunga chumba, nikampigia Afande Saruni, naye akaja na Koplo Naeku. Huyu mama ni mfupi, ana mikono ya mtu wa kusuka nywele. Alipima mwenyewe, akanitazama.

"Mzee, hili limeshiba."

"Tangu lini?"

"Tumbo halisemi. Lakini umelala nalo nyumba moja, na ungelipeleka kwa fundi wa mtaani akalitia moto..."

Walilimwagia maji mle ndani, wakaliacha lilowe vizuri, kisha akaingiza ufito wenye skrubu nchani na kuvuta. Kilitoka kitambaa kwanza. Halafu uji mweusi, vijiko viwili hivi. Risasi haikuwamo. Ule uji wameuchukua wao.

Kitambaa nilikiomba. Nimekiosha kwa maji ya mvua. Ni kanga, bluu, na kona ya maua ya manjano yenye umbo la korosho. Mama yako mkubwa alipokiona alikaa chini sakafuni. Alisema, "Hii Irine alibebwa nayo. Nilimbeba mimi mwenyewe nayo, siku ya kipaimara cha Emmanuel."

Mwezi wa Agosti mwaka 2016 baba yako aliniomba gobori alipake mafuta. Alikaa nalo barazani mchana mzima, mimi nikisahihisha mitihani ya watoto wa usharika. Nilisikia mdeki ukilia ndani ya chuma nikadhani anasafisha. Unakumbuka mwezi ule ulikuwa na hali gani. Ulikuwa na ujauzito wa miezi saba. Thomasi alikuwa mtu wa haraka, unamjua. Mimi huteleka chai wageni wakishakaa, yeye aliteleka wakishuka basi. Wiki mbili baadaye Peter alitupigia simu ile kutoka hospitali.

Baba yako hakurudi kuutoa ule mshindilio. Kuutoa kungekuwa kusema kwa mikono kitu ambacho mdomo wake haukukisema mpaka alipokufa. Alinirudishia kopo akaniambia liko tupu. Hakunidanganya.

Nakutumia kitambaa ndani ya barua hii. Sikuona haki ya kukaa nacho.

Sina swali, Irine. Kaa ukifanya kazi umekaa.

Melkizedeki


Kigoma,
28 Septemba 2025

Baba Mkubwa, Mama Mkubwa,

Shikamooni. Nimekaa kimya tangu Julai na hamkunipigia hata mara moja. Peter alisema, "Wazee wamekasirika." Nikamwambia hapana, Baba Mkubwa anasubiri swali la nne.

Barua ya Julai niliisoma mara moja tu. Kanga ya mama ninayo mimi. Niliichukua kwenye sanduku la baba tulipomzika. Kona moja imechanika. Miaka yote hii nilidhani ni panya, na nilimlaumu panya yule kwa moyo wangu wote. Nilikitandaza kile kitambaa penye kona. Kinaingia. Nyuzi kwa nyuzi kinaingia, ila kimekuwa cheusi upande mmoja na kimebaki na harufu uliyoniambia, ya yai viza. Nililia, Peter akafikiri nimeshikwa na uchungu, akatoka mbio kutafuta bajaji akiwa na kiatu kimoja. Tukacheka mpaka nikaogopa kucheka.

Sikuwaambia mapema kwa sababu mimba ya kwanza niliwaambia wote, na ya pili niliwaambia nusu. Safari hii nilitaka kumwambia mtu mmoja, bila kumwambia. Sikujua mtu anaanzaje jambo kama hilo, nikaanza na baruti.

Ni msichana. Alizaliwa tarehe sita, alfajiri, kilo tatu na kitu. Ana masikio ya baba. Analia kwa hasira, kisha ananyamaza ghafla kana kwamba amekumbuka jambo. Jina lake siandiki. Mnajua litatamkwa lini.

Kitambaa nimekishona mahali pake, kwa uzi wa bluu, si vizuri sana, mimi si fundi. Ndiyo kanga ninayombebea. Hakitarudi kwenye mtutu, Baba Mkubwa. Kilimsubiri mtoto mmoja humo ndani kwa miaka tisa, kimetosha. Kuna kona nyingine tatu. Utachana wewe, kwa mkono wako, kama babu wa mtoto, kwa sababu ndiye babu aliyenaye.

Tutakuja Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi. Sasa swali la nne: kelele ile haitamuumiza masikio? Nitasimama wapi?

Wenu,
Irine


Maji ya Chai,
2 Novemba 2025

Mwanangu Irine, mama wa mtu,

Marahaba, marahaba tena, na marahaba ya tatu ni ya huyo asiyeandikwa jina. Barua yako ilifika wakati mama yako mkubwa anamenya ndizi. Aliisoma mwenyewe, mpaka mwisho, kisha akachukua simu, akaiweka spika bila kumpigia mtu yeyote, akaniambia, "Mwalimu, nimpigie nani kwanza?" Nimemsihi asubiri. Amesubiri mpaka jioni. Sasa unaombewa na Maji ya Chai nzima.

Kahawa tumeichuma. Daraja limerudishwa. Emmanuel amekuja na mbao na kulitengeneza, na ameomba siku hiyo yeye ndiye asimame barabarani kuwaambia wapita njia wasiogope. Nimemkubalia. Ni kazi inayomfaa, ana sauti.

Kibali kilitoka mwanzoni mwa Oktoba. Muuzaji aliyepo mjini hakuwa nayo, aliagiza, na imechukua muda wake; nimekwenda kuichukua kwa gari la kukodi, mimi na dereva tu, na dereva alikataa kuwasha redio njia nzima ingawa nilimweleza kwamba redio haina neno. Ni nyeusi, ya punje kubwa. Niliimimina kidogo kwenye karatasi kuitazama, mchana, mbali na moto. Inang'aa kama mbegu. Inakaa stoo ya nyuma, ndani ya chombo chake, na kufuli, na ufunguo uko shingoni kwangu. Mama yako mkubwa anasema nimeanza kuvaa mkufu uzeeni.

Koplo Naeku amelikagua gobori ndani na nje. Mtutu ni mzima. Amenionyesha kipimo cha kutia, kidogo kuliko tulichozoea, nami nimekubali. Amesema atakuwepo siku hiyo. Si kwa kazi, anataka kusikia jina. Taarifa nimezipeleka kwa mtendaji na kwa watu wa hifadhi. Mmoja wao aliniuliza kama nyani watakimbia. Nilimwambia nina matumaini makubwa.

Swali la nne. Umeuliza vizuri. Masikio ya mtoto ni laini, na zamani hatukulijali hilo; wewe mwenyewe ulisimamishwa karibu mno, na baba yako aliniambia ulilia mpaka usiku. Utasimama ndani ya nyumba kubwa, chumba cha upande wa mfereji, mlango umefungwa, kichwa cha mtoto kifuani pako na kanga imemfunika masikio. Mimi nitakuwa kule chini kwenye uwanda wa majani, nimeelekea mlimani, nawe utausikia mlio kama mtu aliyegonga mlango mara moja. Moshi ukishapanda utauona dirishani. Hapo ndipo utatoka naye, utashuka polepole, daraja jipya linateleza, na utakuja kuniambia jina sikioni kwanza. Kisha tutalitamka.

Kona nitachana ile iliyo mkabala na ile uliyoishona. Lete mkasi, vidole vyangu havina nguvu ya kuanzisha.

Tangu Julai nimejiwekea utaratibu wako wa famasi. Kila asubuhi, kabla ya chai, nalitoa gobori, natelezesha mdeki, naulaza kwa nje, natazama ncha imekomea wapi. Anande anasema nimekuwa kichaa. Nimefanya hivyo na leo, kabla ya kuandika. Ncha imefika kwenye kitundu, usawa kabisa.

Ni tupu, mwanangu. Njooni.

Babu,
Melkizedeki